Kitanda cha Kobe wa Enjenieri

Mauwa alipohamia Kindu kwa binti yake, matanga ya mume wake yalipokwisha, kilichomshangaza kuliko vyote kilikuwa uwanja wa nyumba. Katika kambi ya wafanyakazi wa reli kila mtu alifagia uwanja wake alfajiri mpaka udongo ukang'aa kama mgongo wa sufuria. Jani likidondoka kutoka kwa mwavokado wa jirani, Françoise, binti yake, aliliokota kabla halijakauka. Maji yalitoka bombani, makaa yaliletwa mlangoni, na sombe, yaani kisamvu, ilinunuliwa imekwisha kutwangwa. Miezi saba Mauwa alikaa pale kama mgeni asiyeambiwa siku ya kurudi kwao. Hakuonewa hata kidogo. Alipewa chumba chake, na siku ya Noeli akapewa kitenge kipya. Ila mikono yake, iliyokuwa imelima, ikasuka vikapu na kuvua samaki wa vijito huko kijijini kwake Pangi, ilikuwa imelala mapajani tu, na akiiangalia aliiona kama ya mtu mwingine.

Mkwe wake, Mpoyi, alikuwa mtu wa Kasai na mkubwa wa depo ya reli, mahali pa kuwekea mizigo na vyuma. Alimheshimu mama mkwe kwa desturi ya kwao: hakumtazama usoni, hakula naye, na akiwa na neno alimpa mkewe alipeleke, hata kama wote watatu wamesimama katika uwanja mmoja. Mauwa alijua kwamba hiyo ni heshima. Lakini heshima ikizidi nayo hufanana na ukuta, na nyuma ya ukuta ule yeye alikuwa mama wa kijijini ambaye hakuna wa kumuuliza kitu.

Basi mwaka ule wa sabini na sita, mwezi wa saba, Mpoyi akarudi kutoka kazini amebeba kasha la sabuni, analishika kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba mayai. Ndani mlikuwa na kobe.

Alikuwa kobe wa Banza, enjenieri, yaani mhandisi, wa njia ya reli, mtu wa jimbo la Shaba, ambaye Mpoyi alifanya kazi chini yake. Banza alimnunua kando ya reli, upande wa Kibombo, kutoka kwa watu waliokuwa wakimpeleka sokoni. Alimwonea huruma, akamweka barazani kwake wiki tatu juu ya saruji. Sasa alikuwa anakwenda likizo Lubumbashi kwa miezi mitatu, na katika watu wote wa kituo alimchagua Mpoyi, kwa sababu katika depo ya Mpoyi hakijawahi kupotea hata msumari. Alimwomba jambo moja tu: amkute mzima.

Mpoyi alilichukua neno lile kama kiapo. Jumapili ile ile, nyuma ya jiko, alizungushia mabati ya zamani mahali pa urefu wa mikeka miwili. Halafu akafikiria sakafu. Alikuwa mtu wa usafi, na kwake kitu safi ni kile ambacho maji hayasimami wala mdudu haingii. Akaleta kokoto za reli, akaziosha moja moja, akazipanga vizuri. Majirani walikuja kutazama, wakasema kobe huyo amepata nyumba kuliko watu wengine.

Mauwa alitazama kutoka mlango wa jiko. Kobe wa aina ile aliwafahamu tangu utoto: gamba la rangi ya jani lililokauka, na upande wa nyuma lina bawaba, linashuka na kufunga kama mlango. Mvua za kwanza zilipoanza yeye na marehemu mume wake walikwenda kuwatafuta porini, chini ya magogo yaliyooza, karibu na vijito. Aliwafahamu hivyo kwa sababu aliwapika. Na ni nani anayemuuliza mpishi habari za afya ya mgeni? Aliona haya, akanyamaza.

Kobe juu ya kokoto hakutulia. Kutwa nzima alitembea kando ya bati, anakwaruza, anateleza, anaanza tena. Wiki ya pili kucha zake zilikuwa zimekwanguka na tumbo lina michubuko. Mpoyi akaona kosa lake, akatoa kokoto zote, akaleta mchanga mweupe wa ufuko wa Lualaba, mikokoteni minne. Mchanga ulikuwa laini kweli. Lakini jua lilipoupiga ulikauka ukawa vumbi, ukagandana na kila kipande cha ndizi na papai, kobe akawa anameza mchanga pamoja na chakula. Macho yakamvimba. Siku moja Françoise aliona choo chake kimekuwa mchanga mtupu, akamwambia mumewe.

Mpoyi akatoa mchanga. Safari hii akachukua unga wa mbao kutoka karakana ya mabehewa, magunia mawili, akaumwaga ukiwa na joto bado la msumeno. Ulinukia. Kwa bahati mbaya sehemu ya unga ule ilitoka kwenye mataruma ya reli, mbao zile zilizoloweshwa mafuta meusi ili mchwa wasizile. Baada ya siku tano kobe alianza kutoa mapovu puani.

Mwisho yakaja makapi ya mpunga, yaliyopanda treni huko Kibombo, ya rangi ya dhahabu. Mpoyi aliyatandaza kwa mkono wake mwenyewe, akasimama nyuma akayatazama kwa furaha. Usiku mvua ikapita pembeni ya bati, na baada ya siku mbili makapi yalikuwa yameota ukungu mweupe kama ndevu za mzee. Kobe alishusha mlango wake wa nyuma, akaingiza kichwa, hakutoka tena. Siku nne hakula. Mpoyi alimpeleka kwenye mizani ya depo: alikuja ana kilo moja na gramu mia tatu, sasa alibaki na kilo moja na gramu hamsini.

Jioni ile Mauwa alikuwa jikoni peke yake. Alisikia sauti nje, akachungulia. Mpoyi alikuwa amechuchumaa kando ya bati na nguo zake za kazi, kalamu bado mfukoni, na alikuwa akisema na kobe taratibu. Alikuwa anamwomba. Alimwambia amejaribu kila kitu kilicho safi, hajui tena la kufanya, amwonyeshe mwenyewe anataka nini. Mauwa hakuwahi kumsikia mtu yule akiomba chochote, si kwa wakubwa zake wala kwa mkewe. Akarudi kwenye moto wake, lakini mkono wake haukukoroga tena.

Françoise aliporudi kutoka bombani, mama yake akamwambia kwa sauti ndogo:

"Mwambie bwana yako hivi: huyu kobe hapana kufa na ugonjwa. Anakufa na kitanda."

Françoise alisita. Mumewe alikuwa na uchungu siku zile, na neno la mama mkwe si neno la kubeba ovyo. Akalibeba hata hivyo. Jibu likarudi likiwa limefungwa katika adabu: Mpoyi anamshukuru sana mama, lakini majani na udongo wa porini vina minyoo na uchafu, na mnyama huyu tayari ni mgonjwa. Atatafuta kitu kingine, pengine magunia yaliyofuliwa.

Mauwa alilisikia jibu, akalala nalo. Asubuhi alikuwa ameamua. Akamwambia binti yake kwamba lawama ikija ataibeba mwenyewe.

Mpoyi alipokwisha kwenda kazini, Mauwa alijitwika kikapu chake kama wanawake wa kwao, mgongoni, kamba ikipita kwenye paji la uso. Katika kambi hakuna aliyebeba hivyo. Tangu aje kile kikapu kilining'inia ukutani, na Françoise hakupenda majirani wakione. Alipita katikati ya kambi mchana kweupe, akashika njia ya Mikelenge, inayokwenda porini.

Hakuokota jani la kwanza aliloliona. Kando ya reli majani yalikuwa mengi, lakini pale watu wa njia walimwaga dawa ya kuua nyasi, akapita. Kwenye mashamba ya mihogo udongo ulikuwa na majivu ya kuchoma, nao unakausha ngozi, akapita. Aliukwepa mti mmoja mkubwa wenye utomvu mweupe unaochoma macho, hata kama chini yake majani yalilala kama godoro. Alipofika bondeni, mahali penye kijito na kivuli, akapiga magoti, akauchimba udongo mweusi, akaunusa. Akaufinya katika kiganja: ukashikana bila kudondosha maji, na alipougusa kwa kidole ukaachana. Huo ndio. Akaangalia kwanza kama siafu wamepita, akajaza kikapu. Safari ya pili alichukua majani mapana yaliyoanza kuoza, ya tabaka la chini, si ya juu. Safari ya tatu alichukua kipande cha gogo laini, kuvumwani zinazoota kwenye mawe ya kijito, na konokono wadogo kumi na mbili.

Uwanjani alikimwaga kila kikapu juu ya bati kwenye jua, akakikagua kwa vidole. Miiba alitupa. Sisimizi wakali aliwapukuta. Nge mmoja alimponda kwa jiwe. Konokono aliwaacha. Françoise alisimama mbali kwanza, halafu akakunja kitenge chake, akaja kuchagua pamoja naye. Tangu msiba hawakuwa wamefanya kazi ya mikono pamoja, na walipofika katikati ya rundo walikuwa wanacheka habari za shangazi mmoja wa Pangi aliyeogopa konokono.

Wakatoa makapi yote, wakaukwangua udongo wa chini. Wakamimina udongo mweusi, kina cha kiganja na nusu, wakaweka majani juu yake mpaka yakafika kwenye muundi. Kona moja wakalaza gogo, kona nyingine wakazika sahani ya maji mpaka ukingo wake ukalingana na ardhi. Mauwa akanyunyiza maji kidogo kwa mkono, akamweka kobe katikati.

Kobe alikaa kama jiwe. Wanawake wakasubiri. Mwisho kichwa kikatoka, macho yamevimba hivyo hivyo, pua ikagusa jani. Mguu wa mbele ukasukuma. Ukasukuma tena. Kisha akaingia chini ya majani taratibu, kama mzee anayejifunika blanketi, na pale juu pakabaki majani yanayotikisika, halafu hata hayo yakatulia.

Mpoyi alirudi saa kumi na moja. Alikwenda moja kwa moja nyuma ya jiko kama kawaida yake, akaona majani, akaona hakuna kobe. Kisha akaona jikoni sufuria kubwa ya mama mkwe iko motoni, inatoa mvuke. Alisimama hivyo, anatazama bati, anatazama sufuria. Desturi haikumruhusu kuuliza. Akamwita mkewe, akamwambia sikioni, na Françoise akaanza kucheka mpaka akashika ukuta. Mauwa alielewa bila kuambiwa. Akatoka jikoni na mwiko mkononi, akainama kando ya bati, akatenga majani mawili. Gamba likaonekana, limelala salama. Akayarudisha majani, akarudi kwenye maharagwe yake.

Mpoyi bado alikuwa na shaka. Lakini hakuyatoa majani.

Siku mbili kobe hakuonekana, na siku zile mbili hakuna aliyelala vizuri, hata Mauwa. Siku ya tatu alfajiri mvua nzito ikanyesha, na ilipokatika Mauwa akaenda kutazama. Kobe alikuwa kwenye gogo, shingo yake yote iko nje, anakula uyoga ulioota usiku. Alipomaliza uyoga alimfuata konokono mmoja polepole, akampata, akamvunja. Mauwa alisikia lile gamba dogo likipasuka, na katika masikio yake ilikuwa kama mlio wa ngoma ya harusi. Akageuka amwite Françoise, akakuta nyuma yake amesimama Mpoyi na kanzu ya kulalia, miguu mitupu katika matope, machozi yanamtoka bila kuyaficha.

Kutoka siku ile mizani ya depo ilisema habari nzuri kila Ijumaa. Macho yalifunguka. Mapovu yalikauka. Mpoyi alianza kuuliza maswali kupitia mkewe, na maswali yakawa mengi mpaka Françoise akachoka kuyabeba: majani yabadilishwe lini, udongo ukikauka afanyeje, ukilowa mno je? Mauwa alijibu yote. Majani ya juu yaongezwe kila wiki. Choo kiondolewe kila asubuhi. Udongo usikauke wala usiwe matope. Mkono ndio unaojua.

Jumamosi moja ya Salongo, siku ya kazi ya usafi kwa raia wote, mkubwa wa kartie, yaani mtaa, aliyeitwa Okito akapita kukagua. Alikuwa mtu mrefu, beji ya chama kwenye koti, daftari mkononi. Alisifu uwanja wa mbele. Alipofika nyuma ya jiko akasimama. Akauliza ni nani anayeweka takataka katika kambi ya serikali wakati nchi nzima inafagia. Majani hayo yatolewe yachomwe leo, la sivyo jina la Mpoyi linakwenda juu, kwa wakubwa wa chama.

Mpoyi alikuwa mtu wa kuogopa daftari. Jina lake halikuwa limewahi kwenda juu kwa ubaya. Mpoyi akauegemeza ufagio wake ukutani. Akageuka kwa mama mkwe wake, akainamisha kichwa, na kwa mara ya kwanza tangu aoe akamsemesha bila mtu wa katikati.

"Mama, unisamehe," akasema. "Hii kazi njo yako. Umwelezee mukubwa."

Mauwa akatoka jikoni. Hakuogopa, alishangaa mwenyewe jinsi ambavyo hakuogopa. Okito akamwambia kwamba majani yanaleta nyoka. Mauwa akajibu kwa heshima kwamba nyoka anafuata panya, na panya anafuata nafaka, na akamwonyesha magunia ya makapi ya mpunga yaliyosimama bado kando ya choo: hayo ndiyo angeyachoma yeye. Kisha akachota udongo kutoka chini ya majani, akamnyooshea kiganja.

"Takataka inanuka, mukubwa. Nusa hii."

Okito alisita mbele ya watu, lakini akainama. Akanusa. Akakaa vile muda mrefu kidogo kuliko mtu anayekagua. Yeye alikuwa Mtetela, mtoto wa msitu wa Lodja kabla ya beji na daftari, na aliponyanyuka uso wake ulikuwa umebadilika. Akauliza kobe yuko wapi. Mauwa akatenga majani akamwonyesha. Okito akakohoa, akafungua daftari, akasema kwa sauti ya kazi kwamba takataka hairuhusiwi, lakini bustani ikizungushiwa matofali inaruhusiwa. Akaandika: bustani. Majirani waliojipanga pembeni kuona Mpoyi akiaibishwa wakaondoka. Mpoyi alitafuta matofali kabla ya saa sita.

Banza alirudi na treni ya kwanza ya mwezi wa kumi. Alifika kwa Mpoyi jioni, na kabla hajaketi aliomba kumwona kobe wake. Mpoyi alimtoa chini ya majani, akamweka kwenye mizani aliyoileta makusudi kutoka depo: kilo moja na gramu mia sita. Banza alimgeuza kwenye mwanga, akatazama macho, kucha, tumbo lililopona. Alisema kwamba huko Lubumbashi daktari mmoja wa wanyama alimwambia asitegemee kumkuta hai, maana kobe wa msituni hawadumu katika nyumba za watu. Akamshika Mpoyi bega, akamwambia amefanya kazi kubwa.

Mauwa alisikia kutoka jikoni. Alijua kwamba hapo ndipo neno linapoweza kumalizika, na asingemlaumu mkwe wake kama lingemalizika hapo.

"Si mimi, enjenieri," Mpoyi akasema. "Mimi nilibakia kidogo nimuue, mara ine. Aliyemponya njo mama mukwe wangu."

Mauwa akaitwa. Alitoka anafuta mikono kwenye kitenge, na Banza, mkubwa wa njia nzima, akasimama kumpa kiti chake. Akamuuliza alisomea wapi mambo ya wanyama hawa. Mauwa alifikiria adanganye kidogo, kisha akaona haina maana.

"Sikusoma, baba. Nilikuwa nawala. Mutu akitafuta nyama ya kula, anajua penye inalala."

Banza alicheka mpaka akavua miwani. Mpoyi naye akacheka, anamtazama mama mkwe usoni, akasahau kutazama chini. Banza hakuondoka na kobe usiku ule. Alisema asingethubutu kumrudisha kwenye saruji, na akamwomba Mauwa, kama hatachoka, aje kwake amtandikie kitanda kama hiki, kikubwa zaidi, chini ya kivuli cha nyumba.

Jumatatu asubuhi Land Rover ya reli ikasimama mbele ya nyumba. Dereva akashuka akafungua mlango wa nyuma, lakini Mpoyi, aliyeomba ruhusa kazini, akaufunga, akafungua wa mbele. Majirani wakatoka na vikombe vyao vya chai kuona mama wa kijijini anapanda. Kikapu chake Françoise alikibeba mwenyewe mpaka garini. Wakashika njia ya Mikelenge, Mpoyi na Françoise nyuma na koleo mbili na magunia matupu. Mahali penye majani mengi kando ya reli dereva akapunguza mwendo, akauliza kama ni hapa.

"Hapana hapa," Mauwa akasema. "Twende mbele. Nitakwambia."